Ubatizo Mmoja, Maswali Matatu: Mabishano ya Kanisa la Kale hadi Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Kanisa la Kikristo halijapata kuwa na enzi isiyo na ubishi wa mafundisho. Miaka ishirini haijatimia tangu Yesu asulubiwe, waumini wa Antiokia walikuwa wamekwisha kugawanyika juu ya tohara: je, mtu wa mataifa anayemwamini Kristo ni lazima kwanza atahiriwe na kuishika sheria ya Musa? Matendo ya Mitume, sura ya 15, inaeleza jinsi Paulo na Barnaba walivyopanda kwenda Yerusalemu, mnamo mwaka 49, kulipeleka shauri hilo kwa mitume na wazee. Mkutano huo ndio kielelezo ambacho mitaguso yote ya baadaye ilijipima nacho, na unastahili kusomwa polepole, kwa sababu wengi huusoma kana kwamba Yakobo alisimama tu akatoa hukumu.

Kwanza kulikuwa na mabishano marefu, wala hakuna aliyeyakatiza. Petro akaeleza yaliyompata nyumbani kwa Kornelio. Paulo na Barnaba wakasimulia waliyoyaona kwa watu wa mataifa. Ndipo Yakobo alipoyafungua maandiko ya manabii na kutoa pendekezo. Uamuzi wenyewe ulikuwa mwembamba: tohara haikudaiwa, ila waumini wa mataifa walitakiwa kujiepusha na vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati. Barua ikaandikwa, nayo haikuachwa ijisemee yenyewe. Yuda Barsaba na Sila walifuatana nayo ili waieleze kwa mdomo. Hata hivyo, Paulo alipowaandikia Wakorintho miaka michache baadaye, suala la nyama ya sanamu alilishika kwa mkono mwepesi zaidi, akiijali dhamiri ya ndugu aliye dhaifu kuliko nyama yenyewe. Na katika waraka kwa Wagalatia anasimulia alivyomkemea Petro mbele ya watu kwa kuacha kula na waumini wasiotahiriwa. Yerusalemu ilimaliza swali la nani anahesabiwa kuwa mwamini. Ugumu wa watu kukaa meza moja ulibaki ukihitaji kazi ya miaka.

Katika mabishano mengi yaliyofuata, lipo moja ambalo njia yake hadi Ujiji, mji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, inafuatika hatua kwa hatua. Ni ubishi juu ya ubatizo, uliowaka mara mbili katika mji wa Karthago, Afrika ya Kaskazini, karibu na Tunis ya leo. Mtu aliyewatuma wamisionari wa kwanza Wakatoliki kwenye Ziwa Tanganyika alikuja kuwa askofu mkuu wa mji huohuo.

Mara ya kwanza ilikuwa zama za askofu Sipriani. Mwaka 250 Kaisari Desio aliamuru raia wote wa dola watoe sadaka kwa miungu na kupewa hati ya kuthibitisha hivyo. Wakristo wengi walikufa au walifungwa, lakini wengi zaidi walitoa sadaka, au walinunua hati. Dhoruba ilipopita walirudi makanisani wakiomba kupokewa. Huko Roma padri Novasiano alikataa katakata kwamba waliokana wanaweza kusamehewa na Kanisa, akajitenga na kufanywa askofu wa kundi lake mwaka 251. Kundi lake lilibatiza. Ikazuka hoja ambayo hakuna aliyeitazamia: mtu aliyebatizwa na watu wa Novasiano akitaka kujiunga na Kanisa Katoliki, abatizwe, au awekewe mikono tu?

Sipriani alisema abatizwe. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kuijibu: hakuna awezaye kutoa asicho nacho, na aliyejitenga na Kanisa hana Roho Mtakatifu, basi atamtoaje kwa mwingine? Stefano, askofu wa Roma, alijibu kwa desturi: Roma ilikuwa ikiwapokea watu wa namna hiyo kwa kuwawekea mikono. Septemba 256 Sipriani aliwakusanya maaskofu wa Afrika, na maoni ya maaskofu 87 yakaandikwa, la kila mmoja kwa jina lake. Wote walimuunga mkono. Jambo la kukumbukwa zaidi ni namna alivyoufungua mkutano. Aliwaambia waziwazi kwamba kila askofu aseme lililo moyoni mwake, kwamba hakuna kati yao anayejifanya askofu wa maaskofu, na kwamba atakayetofautiana hatatengwa. Stefano kwa upande wake alitishia kuvunja ushirika na waliombishia. Dionisi wa Aleksandria aliandika barua za kuomba amani. Kisha mauti yakaingilia: Stefano alifariki mwaka 257, na tarehe 14 Septemba 258 Sipriani alikatwa kichwa kwa ajili ya imani, akiwa bado hajabadili msimamo na bado yumo ndani ya ushirika wa Kanisa. Roma na Karthago zote mbili zikamweka katika orodha ya watakatifu wao.

Mara ya pili ubishi ulikuwa mchungu zaidi. Mateso yaliyoanza mwaka 303 chini ya Diokletiani yalidai Wakristo wakabidhi vitabu vyao vitakatifu ili vichomwe moto. Baada ya mateso, Sesiliani alipofanywa askofu wa Karthago, wapinzani walidai kwamba mmoja wa waliomwekea mikono, Felisi wa Aptunga, alikuwa amekabidhi vitabu. Kama mikono ile ilikuwa najisi, walisema, basi uaskofu wa Sesiliani ni bure, na ubatizo wake ni maji matupu. Kundi hilo likaitwa la Donato, kwa jina la askofu wao mashuhuri. Sinodi ya Arles mwaka 314 iliwapa Waafrika kanuni: anayekuja kutoka kwa wazushi aulizwe imani aliyobatizwa nayo, ikiwa alibatizwa kwa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, awekewe mikono tu. Mtaguso wa Nikea mwaka 325 ulipita njia hiyohiyo. Wafuasi wa Novasiano walipokewa kwa kuwekewa mikono. Wafuasi wa Paulo wa Samosata, ambao imani yao juu ya Mwana wa Mungu ilikuwa nyingine kabisa, waliamriwa kubatizwa upya.

Aliyeipa kanuni hiyo mizizi ni Augustino, askofu wa Hippo, aliyezaliwa mwaka 354 na kufariki mwaka 430. Alifundisha kwamba mhudumu awe mwema au mwovu, mwenye kubatiza ni Kristo mwenyewe. Dhambi ya mtu haiwezi kukiharibu kipaji kisicho chake. Wadonato walimtolea mfano wa Sipriani, naye akajibu kwa heshima kubwa kwamba Sipriani alikosea kuhusu kubatiza upya, lakini hakuuvunja umoja, na hilo la pili ndilo wao walilokataa kujifunza kwake. Ni jibu zuri kuliko yote yaliyotolewa katika ubishi huo. Kwa bahati mbaya halikuachwa lifanye kazi peke yake. Mwaka 411 zaidi ya maaskofu 500 wa pande zote mbili walikutana Karthago mbele ya Marselino, mjumbe wa kaisari, na baada ya hukumu, sheria ya mwaka 412 iliwatoza Wadonato faini na kuwanyang'anya makanisa. Augustino mwenyewe, ambaye awali alipinga matumizi ya nguvu, akaja kuyatetea. Hapo nguvu ya dola ilidhoofisha hoja iliyokuwa na uwezo wa kushinda kwa haki yake. Watu walionyamazishwa hawakuwa wameridhika, na Kanisa la Afrika liliingia katika karne zilizofuata likiwa na jeraha lisilopona.

Charles Lavigerie aliijua historia hii kwa kina. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1825, akafundisha historia ya Kanisa katika Sorbonne, Paris, kabla ya kuwa askofu mkuu wa Algiers mwaka 1867. Mwaka 1868 alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, linalojulikana zaidi kwa jina la Mapadri Weupe. Alifanywa kardinali mwaka 1882, na mwaka 1884 kiti cha kale cha Karthago kilirudishwa akiwa yeye ndiye askofu mkuu wake. Wamisionari wake walipoondoka kuelekea maziwa makuu mwaka 1878, walibeba maagizo yaliyotokana na masomo hayo. Hakutaka ubatizo wa haraka. Alirudisha ukatekumeni wa Kanisa la kale: miaka minne ya matayarisho, miwili ya mwanzo mtu akifundishwa juu ya Mungu mmoja, nafsi na sheria ya maadili, na miwili mingine akiwa mkatekumeni hasa. Fumbo la Utatu na sakramenti havikuwekwa mbele ya mgeni tangu siku ya kwanza. Sababu yake inasomeka katika yaliyompata Sipriani: Kanisa lililolegea nyakati za raha lilivunjika hati za Desio zilipoanza kugawanywa.

Ujiji waliyoikuta haikuwa mahali patupu. Ulikuwa mji wa Waislamu, bandari ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa, na kiongozi wa wafanyabiashara wake alikuwa Mwinyi Kheri. Tena Wakatoliki hawakuwa Wakristo wa kwanza kufika na azma ya kukaa. Misioni ya London, shirika la Kiprotestanti lililochochewa na safari za Livingstone na kuanzishiwa kazi hiyo kwa mchango wa pauni 5,000 kutoka kwa Robert Arthington wa Leeds, iliingia Ujiji Agosti 1878. J. B. Thomson alifariki mwezi uliofuata, na Aprili 1879 Arthur Dodgshun akamfuata. Edward Hore, baharia, na Walter Hutley wakabaki. Mapadri Weupe walifika Januari 1879. Kwa hiyo katika muda wa miezi mitano mji mmoja wa mwambao ulipokea makundi mawili ya Wakristo ambayo yalikuwa na imani ileile ya Utatu, ubatizo kwa majina yaleyale matatu, na karne tatu za uadui kati yao.

Hakukuwa na Yerusalemu ya kuwaita. Hakuna mkutano ulioitishwa Ujiji ili pande hizo zielezane zinachoamini, na kwa hali ya Ulaya ya siku hizo ni vigumu kuona nani angeuitisha. Njia iliyotumika ilikuwa umbali. Ziwa lina urefu wa takriban kilomita 670, na lilitosha kwa wote. Misioni ya London ilifungua kituo Mtowa, ng'ambo ya magharibi, ikahamia kisiwa cha Kavala, na hatimaye ikaelekea ncha ya kusini, Niamkolo na Fwambo. Mapadri Weupe walikwenda Rumonge, kaskazini, ambako Mei 1881 watatu wao waliuawa, Padri Deniaud akiwa mmojawapo; wakafungua Kibanga mwaka 1883, na mwaka 1885 wakapokea Mpala na Karema, vituo vilivyojengwa na wapelelezi wa Kibelgiji. Makundi mawili yaliyokuwa yakitofautiana juu ya Kanisa, Ekaristi na mamlaka ya Papa yaligawana ufuko, na tofauti zenyewe zikabaki kama zilivyoshushwa mizigoni.

Palipokosekana umbali, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kwenye makao makuu ya Kabaka Mutesa wa Buganda, mwaka 1879, Alexander Mackay wa CMS, shirika la misioni la Waanglikana, na Padri Siméon Lourdel wa Mapadri Weupe walibishana mbele ya mfalme huku waandamizi wake wakisikiliza, na waongofu wao wakaja kuitana Waingereza na Wafransa. Januari 1892 vyama hivyo viwili vilipigana kwa bunduki Mengo. Kati ya ubishi ule na vita hivi kuna tukio linalogusa kiini cha suala la Karthago. Mei 1886, Munyonyo, Karoli Lwanga, kijana ambaye mwenyewe alikuwa hajatimiza mwaka tangu abatizwe, aliwabatiza wakatekumeni wenzake wanne, Kizito akiwemo, kabla hawajapelekwa Namugongo kuchomwa moto tarehe 3 Juni. Hakuwa padri wala shemasi. Kwa mafundisho ambayo Roma iliyatetea dhidi ya Sipriani, ubatizo huo ni kamili, na Papa Paulo VI alipowatangaza mashahidi Wakatoliki wa Uganda kuwa watakatifu mwezi Oktoba 1964 aliwakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo yuleyule. Motoni Namugongo hakuna aliyewatenganisha.

Karema ilishuhudia upande mwingine wa mafundisho hayo. Jamii ya Wakristo hapo ilianza na watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, na sheria ya miaka minne ilikuwa na mlango mmoja wa dharura: anayekaribia kufa angeweza kubatizwa papo hapo, na wa kumbatiza si lazima awe padri. Adriano Atiman, aliyezaliwa nchi ya Mali ya leo, akakombolewa utumwani na kusomeshwa udaktari Malta, alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na kufanya kazi huko kama daktari na mkatekista hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu mlei aliyekaa kando ya vitanda vya wagonjwa kwa zaidi ya miaka 60 ni ushahidi kwamba swali la nani anaweza kubatiza lilikuwa limekwisha kujibiwa katika vijiji vya mwambao, na watu waliliishi bila kujua lilimwagiwa jasho kiasi gani.

Umbali ulikuwa na mwisho wake. Reli ya Kati ilifika Kigoma, jirani na Ujiji, mwaka 1914, na mwaka uliotangulia ubishi mkubwa wa mafundisho ulikuwa umelipuka katika Afrika Mashariki, safari hii ndani ya Waanglikana. Juni 1913, katika misheni ya Kanisa la Scotland huko Kikuyu, wajumbe wa misioni kadhaa za Kiprotestanti walijadili shirikisho lenye msingi wa Biblia na Kanuni za Imani za Mitume na Nikea. Askofu Willis wa Uganda aliongoza mkutano; Askofu Peel wa Mombasa aliadhimisha Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Kipresbiteri, na wasio Waanglikana wakashiriki. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki wote wawili kwa uzushi na mafarakano. Aliamini kwamba uaskofu unaotoka kwa mitume ni sehemu ya imani yenyewe, na kwamba askofu anayeuchukulia kama jambo la kuafikiana tu anaigusa nguzo ya Kanisa.

Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, hakuunda mahakama aliyoidai Weston. Alilipeleka shauri kwa baraza la ushauri, lililokutana Julai 1914, na majibu yakatoka wakati wa Pasaka ya 1915, vita vikiwa vimekwisha kupamba moto: wageni wa makanisa mengine wanaweza kukaribishwa mezani kwa ruhusa ya askofu, lakini adhimisho kama la Kikuyu lisirudiwe. Wapo waliolicheka jibu hilo kwa kutochagua upande. Lakini likipimwa kwa mizani ya Sipriani, lilifanya jambo lililokuwa gumu: liliwaacha Weston na Willis ndani ya ushirika mmoja wakiwa bado wanatofautiana. Weston alihudhuria mkutano wa pili wa Kikuyu mwaka 1918, akaleta mapendekezo yake mwenyewe ya umoja, na mwaka 1920 katika Mkutano wa Lambeth wa maaskofu Waanglikana alikuwa miongoni mwa waliosukuma mbele wito kwa Wakristo wote. Mikondo ile miwili, wa Zanzibar na wa CMS alikotoka Willis, ilifika kukaa katika jimbo moja la Kanisa la Afrika Mashariki mwaka 1960, na la Tanzania mwaka 1970. Dayosisi ya Western Tanganyika, yenye makao yake Kasulu, ilizaliwa katikati ya safari hiyo, mwaka 1966.

Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ndio ulioleta Uha, nchi ya Waha ya Kigoma na Kasulu, na nchi jirani swali jipya. Walokole, kama walivyoitwa, hawakuuliza ni nani aliyekubatiza. Waliuliza kama umeokoka. Mtu angeweza kuwa na cheti cha ubatizo, jina la Kikristo na nafasi katika baraza la kanisa, lakini mbele ya ushirika wa walokole alitakiwa kuungama dhambi zake kwa kuzitaja na kushuhudia siku aliyokutana na Yesu. Wachungaji wengi waliona hapo dharau kwa sakramenti. Mwaka 1941 wanafunzi 26 pamoja na William Nagenda waliondolewa chuo cha Mukono, Uganda, na mgawanyiko ulionekana kukaribia. Haukutokea wakati ule, kwa sababu pande zote mbili zilijizuia: Askofu Stuart wa Uganda hakuwatenga walokole, nao walokole hawakuanzisha kanisa lao wala hawakubatiza upya. Walibaki kwenye viti vyao vya kila Jumapili, wakawa baadaye maaskofu na makasisi wa kanisa lililowashuku.

Makanisa mengine yalikwenda mbele ya hapo. Waadventista Wasabato, walioanzisha misheni na hospitali ya Heri, na Wapentekoste waliokuja kwa njia ya Burundi, Kongo na Tabora, wanafundisha ubatizo wa maji mengi kwa mtu anayejua anachokiri. Ziwa lenyewe likawa mahali pa ibada hiyo. Mwanamke wa Ujiji au Kasulu aliyemwagiwa maji kichwani akiwa na umri wa wiki tatu hushuka majini akiwa na miaka thelathini. Kwa mchungaji wake mpya huo ndio ubatizo wake wa kwanza, kwa paroko wake wa zamani ni kubatizwa upya. Mama yake hulia kwa sababu mwanawe amekana alichopewa. Yeye hulia kwa furaha. Wote wawili ni wakweli, na padri au mchungaji anayekimbilia kumlaumu mmojawapo hajausikiliza ubishi bado.

Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, imeongeza sura nyingine. Serikali ya Mobutu huko Kongo, wakati ule Zaire, kwa sheria ya mwisho wa mwaka 1971, iliyalazimisha makanisa ya Kiprotestanti kuingia katika chombo kimoja, Kanisa la Kristo katika Zaire, yakawa jumuiya zenye namba. Ndiyo maana mkimbizi wa kutoka Uvira au Fizi hujitambulisha kwa namba ya jumuiya yake, kama vile Nane-CEPAC. Ulikuwa umoja wa amri, wa ukoo mmoja na sheria ya mwaka 412. Namba ziliunganisha ofisi. Walioamini ubatizo wa watoto na walioupinga waliendelea kuamini walivyoamini. Nao Wakimbangu, kanisa lililozaliwa Kongo, hubatiza bila maji kabisa, kwa sala na kuwekewa mikono. Kanuni ya Arles, iliyodhani maji yapo na kuuliza juu ya imani tu, haina neno la moja kwa moja kwa hilo.

Upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa pili wa Vatikano ulibadili mengi. Kabla yake mwongofu kutoka Uprotestanti kwa kawaida alibatizwa kwa sharti, yaani kama hakuwa amebatizwa, jambo lililowaumiza wengi kwa sababu lilionekana kuukana ubatizo wao mlangoni. Mwongozo wa Roma wa mwaka 1967 uliagiza hilo lisifanywe ovyo, ila pale tu penye shaka ya kweli baada ya kuchunguza. Hapo Roma iliirudia kanuni ya Arles kwa ukamilifu kuliko ilivyokuwa imeishika kwa muda mrefu. Mwaka 1982 huko Lima, Peru, wanateolojia wa makanisa mengi, Wakatoliki wakiwemo, walikubaliana juu ya andiko la pamoja kuhusu ubatizo, Ekaristi na huduma, linaloyataka makanisa yajiepushe na tendo lolote linaloweza kueleweka kuwa kubatiza upya. Wakatoliki na Waprotestanti wa Afrika Mashariki walishirikiana pia katika tafsiri ya Biblia Habari Njema, iliyotoka kamili mwaka 1996.

Lakini hati hizo hazimfikii mchungaji anayebatiza ziwani, na sababu yake haiko katika ukaidi wake. Sipriani na Stefano walibishana juu ya mbatizaji: je, yumo ndani ya Kanisa? Wadonato nao walimtazama mbatizaji: je, ni safi? Arles na Nikea zilisogeza swali hadi kwenye tendo lenyewe: je, ni kwa imani ya Utatu? Anayebatiza watu wazima tu anauliza swali la tatu, la mbatizwa: je, aliamini? Paroko wa Kigoma anapompokea mtu huuliza alibatizwa kwa maji gani na kwa maneno gani. Mchungaji wa Kipentekoste huuliza alikuwa na umri gani na aliokoka lini. Wakijibizana kwa kutumia hukumu za mwaka 314 watapishana, kwa kuwa kesi iliyo mbele yao haikuwa mbele ya maaskofu wa Arles.

Kanisa la kale halikuwa bubu juu ya swali hilo la tatu, ingawa hakuna mtaguso mkuu ulioitishwa kwa ajili yake. Tertuliano, aliyeandika huko Karthago mnamo mwaka 200, alishauri ubatizo wa watoto wadogo ucheleweshwe hadi waweze kumjua Kristo. Miaka hamsini hivi baadaye, katika mji uleule, Sipriani na maaskofu 66 walimjibu askofu mmoja aitwaye Fido, aliyetaka watoto wangojee siku ya nane kwa mfano wa tohara, kwamba neema ya Mungu isinyimwe mtoto hata siku hizo chache. Sipriani alimsoma Tertuliano kwa bidii na, kwa mapokeo yaliyoandikwa na Jeromu, alimwita mwalimu wake. Alikwenda kinyume naye juu ya jambo hili bila kumwita mzushi kwa ajili yake. Wanaobishana leo juu ya maji ya ziwa, Wakatoliki na Waanglikana kwa upande mmoja, Wapentekoste na Wasabato kwa upande mwingine, wana mababu wa imani katika Karthago ileile, na bado hawajaketi pamoja kuwasoma.